Mdogo Wake Jirani

12 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mama na kaka, na kwamba mguu wa mama umepoa. Mimi ni mzima. Nimenenepa mabega, si tumbo, kwa hiyo usianze kunicheka. Mwambie kaka shati alilonipa bado ninalo, ila halina tena rangi aliyoijua. Hapa nguo zote zinaishia rangi moja.

Utauliza kwa nini naandika barua wakati dunia nzima inapiga simu. Simu zetu zilichukuliwa langoni siku tuliyofika, zikafungiwa kabati moja na pasipoti. Barua anazitoa dereva wa lori la ngozi. Anazificha chini ya kiti na kuzitia posta mjini. Wewe niandikie kwa anuani yake, iko nyuma ya bahasha.

Niliambiwa nakuja kufanya kazi ya ghala. Nimejikuta machinjioni. Ng'ombe anaingizwa kwenye kichochoro cha chuma, anapigwa risasi ya kichwa, ananing'inizwa mguu mmoja kwenye reli, na reli haisimami. Mimi nachuna ngozi ya shingo. Msimamizi tumembatiza Haraka, maana katika lugha yetu neno alilojifunza ni hilo tu. Ana fimbo ya umeme ya kusukumia ng'ombe. Juzi jamaa mmoja, fundi wa ndoano, aliteleza kwenye damu akachelewa kuinuka. Haraka akamwekea fimbo shingoni. Alipoinuka akamwekea tena, mdomoni, na yule jamaa akajing'ata ulimi mpaka kipande kikatoka. Reli ilikuwa inakwenda. Tuliendelea kuchuna, Shangazi, huku tunamsikia.

Sasa neno langu. Dereva wa ngozi amesikia redioni kwamba bunge letu litajadili kama nchi iridhie mkataba wa kimataifa wa kulinda wafanyakazi walio ugenini. Nikawaambia wenzangu kwamba shangazi yangu ni mbunge, tena yumo kwenye kamati yenyewe. Walinicheka hadi nikaona haya. Mmoja tu hakucheka, anayelala kitanda cha juu yangu. Tunamwita Jirani, kwa sababu nchi yake imepakana na yetu. Alisema, "Mwandikie. Mtu mwenye shangazi bungeni akinyamaza, mwacheni apigwe."

Basi nimeandika. Simama useme ndiyo.

Mwanao.


3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika ikinuka ngozi. Karani wangu aliishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Huku tuko salama. Mama yako anatembelea mkongojo, na mgeni akija anausukuma chini ya kiti na kusema si wake. Kaka yako amepunguzwa kazi kule machimbo ya mawe. Anashinda nyumbani, hasira ziko karibu. Jumapili amevunja kiti kwa sababu chai ilikuwa ya vuguvugu.

Niliisoma habari ya fimbo mara nyingi. Nisikudanganye kwamba nililala vizuri.

Lakini nisikilize. Nchi uliyopo haijaridhia mkataba huo wala haina nia. Walioridhia wengi ni wale wanaopeleka watu, siyo wanaowapokea. Mawakala wa ajira wanatusubiri nje ya ukumbi wa kamati na kutuambia wazi: mkiridhia, tutachukua vijana wa nchi nyingine. Na kuna jambo ambalo redio haikumwambia dereva wako. Mkataba huo hauchagui mgeni. Unakulinda wewe uliye huko, na unamlinda mgeni aliye hapa kwetu. Machimbo ya jimboni kwangu yamejaa watu waliovuka mpaka. Wanalala kwenye vibanda vya mabati na wanafanya kazi ya kaka yako kwa nusu ya ujira wake. Nikisema ndiyo, nimesema mwenye machimbo awalipe sawa na wenyeji na asiwafukuze ovyo. Hayo niyapeleke kwa nani hapa, akanipa kura?

Juzi nilihutubia mkutano. Nikasema kazi za jimbo hili ni za watoto wa jimbo hili. Vumbi lilitimka kwa makofi, na kaka yako alininyanyua begani mbele ya watu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka tangu apunguzwe.

Nimezungumza na mtu wa ubalozi. Atakuja kuwatembelea na kuona hali. Vumilia, mwanangu. Kula vizuri.

Shangazi yako.


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mama anatembea. Kaka mwambie awe na subira, viti ni ghali.

Usishangae mwandiko. Mkono wangu wa kulia umepata hitilafu kidogo kazini, kwa hiyo mimi nasema na Jirani anaandika. Mtu wa ubalozi alikuja, akanywa chai ofisini na Haraka, akaondoka. Kwetu hakufika. Tuyaache hayo. Kamati imefikia wapi?

Mwanao.

Mama Mheshimiwa, shikamoo. Ni mimi Jirani. Mwanao amelala na hajui kama naongeza haya.

Si hitilafu. Mtu wa ubalozi alipoondoka aliacha jina la aliyelalamika. Haraka akatusimamisha wote, akamwita. Walinzi wawili wakaulaza mkono wake kwenye gogo la kukatia mifupa, na Haraka akauponda kwa kisogo cha shoka. Mara ya kwanza mwanao alipiga kelele. Baadaye hakupiga tena, na hapo ndipo mimi nilipoogopa. Haraka alimwambia kwa lugha yake, "Haya, andika sasa." Nimeufunga kwa vibao vya kreti. Vidole viwili viligeuka vyeusi na kunuka. Nilivikata mwenyewe kwa kisu cha kuchunia, baada ya kukichoma kwenye moto, na watu wanne walimkalia. Homa imeshuka. Ataishi.

Nami nina ombi. Nina mdogo wangu nchini kwenu. Anavunja mawe, na kwa maelezo ya mwanao ni machimbo hayohayo ya jimboni kwako. Huko wanamwita Mrefu. Ni mcheshi, kila anapofika huwa na marafiki kabla hajashusha mzigo. Mwaka huu hajaniandikia hata mara moja. Akionekana, aambiwe kaka yake anamtafuta.

Asante, mama.


9 Juni

Mwanangu,

Sina maneno kuhusu mkono wako. Huyo mtu wa ubalozi nimemwambia mbele ya waziri wake yale ambayo mwanamke wa umri wangu hatakiwi kuyatamka. Amehamishwa. Najua hilo halirudishi kidole.

Mama yako ni mzima. Hajui, nimemwambia umejikata kidogo. Kaka yako hayupo. Amekwenda kupumzika kwa wajomba zenu.

Kamati imeahirisha hoja ya mkataba. Huku pamekuwa na vurugu kidogo upande wa machimbo, sasa kumetulia. Kuhusu mdogo wake Jirani, nimeuliza, sijapata jibu. Watu wa machimbo huhamahama. Mwambie asikate tamaa.

Nina kikao. Nitaandika zaidi.

Shangazi yako.


28 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Huu ni mkono wa kushoto, soma polepole. Msalimie mama. Kaka sijui nimsalimie wapi, maana wajomba zetu tangu nizaliwe hatujawahi kwenda kwao kupumzika. Kwao tunakwenda kuzika.

Tulimpoteza fundi wa ndoano, yule wa ulimi. Ng'ombe mmoja hakufa kwa risasi. Akazinduka juu ya reli na kuanza kurusha mateke, na teke moja likampata jamaa kisogoni. Alianguka kifudifudi kwenye mfereji wa damu. Haraka akapiga kelele neno lake lilelile. Jirani alikwenda ukutani akabonyeza kitufe chekundu, na reli ikasimama. Tangu nifike sijawahi kuusikia ukimya ule. Tulimtoa mferejini, alikuwa ameshakufa, na damu ya ng'ombe imejaa mdomoni mwake.

Tukasema hatuchuni tena mpaka azikwe na pasipoti zirudishwe. Walinzi wakaingia na marungu. Tulikuwa na visu na hakuna aliyevitumia, hilo nataka ulijue. Walituvunja mbavu, mabega, meno. Haraka aliniinulia ndoano ya reli, akiulenga uso wangu. Jirani akaingia katikati. Ndoano ikachukua jicho lake la kushoto, lote, likabaki linaning'inia shavuni, naye ananisukuma nyuma kwa mgongo wake.

Sasa nikuulize. Wiki iliyopita wameletwa wafanyakazi wapya, na wawili wanatoka kwetu. Wanasema mwezi wa tano vibanda vya machimbo vilichomwa na watu wakiwa ndani. Wewe ukaniandikia "vurugu kidogo".

Mrefu yuko wapi? Na siku hiyo kaka yangu alikuwa wapi?

Jirani ananiuliza kila lori la ngozi likiingia. Kwa jicho moja sasa. Mimi namwambia shangazi yangu anatafuta.

Mwanao.


15 Septemba

Mwanangu,

Leo sina salamu. Nitaandika nilichokiona.

Siku ile mwenye machimbo aliwaachisha kazi wenyeji wa mwisho waliobaki. Watu wakakusanyika sokoni, wakanywa, halafu wakaelekea kwenye vibanda. Mkuu wa polisi alinipigia simu nikawatulize. Hakupeleka askari wake, alinipeleka mimi. Nilikuta vibanda vinawaka. Milango ilikuwa imefungwa kwa waya kutoka nje. Waliokuwa ndani walikuwa wanagonga mabati, na kugonga huko kukawa kunapungua, kibanda kimoja baada ya kingine.

Mtu mmoja alitoboa bati kwa nyundo yake ya kazi akajitoa, nywele zinawaka. Ilimbidi ajikunje kupita, maana alikuwa mrefu kuliko watu wote pale. Kaka yako alikuwa amesimama nje na mtaimbo. Nilimwita kwa jina lake. Aligeuka, akanitazama vizuri kabisa, akasema, "Shangazi, si ulisema mwenyewe?"

Halafu akampiga. Kwanza mguuni, akaanguka. Kisha kichwani. Yule kijana aliinua mikono na kusema, "Kaka, mimi naondoka, naondoka kesho." Alimwita kaka. Walikuwa wanafahamiana, walivunja mawe pamoja mwaka mzima. Kaka yako akapiga tena mpaka mtaimbo ukawa unaingia ardhini.

Sikumpeleka polisi. Nilimtia kwenye gari langu, nikamlaza kwenye sakafu ya nyuma, nikamfunika kwa mabango yenye picha yangu. Nilimpeleka kwa wajomba. Nilipokuandikia mwezi wa sita nilikuwa nimetoka kumpelekea nguo.

Barua yako ya mkono wa kushoto nilikaa nayo wiki nzima. Jana nilikwenda kumchukua kaka yako. Alidhani nimemletea sabuni. Njiani alikuwa ananisimulia kuhusu mbuzi wa wajomba. Nilipokata kona ya kituo cha polisi akasema, "Mama atakufa." Nikamwambia ashuke. Alishuka mwenyewe.

Mama yako hajafa. Alinitemea mate miguuni na kufunga mlango.

Hoja ya mkataba iliingia bungeni juma lililopita. Nilisimama nikawaambia niliyoyaona, bila kumtaja mwanetu, maana bado nilikuwa mwoga. Wakaguna. Mmoja akaniuliza kwa sauti kama nimehongwa na wageni. Nilisema ndiyo, tukawa wachache. Hapana ilishinda.

Sijui umwambieje Jirani. Nimejaribu kukutungia maneno na nimeyachana yote.

Shangazi yako.


2 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Niko rumande, nami nitakueleza kwa nini. Afisa wa hapa ameniruhusu karatasi. Ubavu bado unauma, chakula kipo, nalala karibu na dirisha.

Barua yako nilimsomea Jirani yote. Nilifikiri nimsomee nusu. Nilipoanza kusoma nikaona siwezi kupata pa kukatia. Tulikuwa tumekaa kwenye kitanda changu, wenzetu wako bombani wanaoga. Nilipofika pale mdogo wake alipomwita kaka yangu kaka, alinipiga ngumi ya mdomo. Nikaanguka, akanifuata chini. Alinipiga mpaka mikono yake ikachoka. Sikuinua mkono wangu, na si kwa wema. Nilikuwa naona ni halali yake. Wenzetu waliporudi walitukuta tumekaa sakafuni, wote tunavuja damu, na Jirani ananiuliza, "Alizikwa wapi?" Hukuandika.

Asubuhi yake alikwenda ofisini kuomba pasipoti akazike hata udongo. Mimi nilimfuata. Haraka alimsikiliza, akacheka, akaichukua ile fimbo ya umeme na kumwekea kwenye kitundu cha jicho. Kwenye kidonda, Shangazi. Jirani alilia sauti ambayo nimeisikia kwa ng'ombe tu.

Ukutani kulikuwa na ndoano. Niliishika kwa mkono wa kushoto nikampiga Haraka begani, akaanguka. Alikuwa chini. Fimbo imemtoka. Alikuwa anasema "tafadhali" kwa lugha yake, neno hilo ninalijua. Nikampiga tena. Na tena. Jirani ndiye aliyenishika, akanibana ukutani, akasema, "Inatosha, atakufa." Na mimi nilimkasirikia kwa kunizuia. Nakuandikia hili kwa sababu nilikuwa nimeshakutungia barua kichwani ya kumlaani kaka. Sitaiandika tena. Ninaijua raha yake ilivyo.

Haraka hajafa. Wanasema hataweza kusimama wala kusema. Nilivunja kabati, nikampa Jirani pasipoti yake na ya kila aliyekuwepo. Dereva wa ngozi aliwafunika chini ya shehena. Mimi nilibaki. Mtu wa kulifungua lango na kulifunga nyuma ya lori alitakiwa, nalo linafungwa kwa ndani.

Nimeshtakiwa kwa kutaka kuua. Afisa mpya wa ubalozi alikuja. Ni mstaarabu, aliketi nami na kunipa maji. Anasema hana amri ya kuniwekea wakili wala mkalimani, kwa sababu hakuna sheria ya nyumbani inayomlazimu. Uliniandikia kwamba kuridhia kwetu kusingewafunga watu wa huku. Kweli kabisa. Lakini kungemfunga yeye. Na kungemfunga mwenye machimbo, na mkuu wa polisi aliyekutuma wewe badala ya askari. Hilo ndilo nililokuwa nataka kukuambia mwezi wa kwanza na sikulijua.

Jirani anakuja kwako. Hana silaha, lakini sikuahidi kitu kwa niaba yake. Usimtume karani mlangoni. Fungua mwenyewe.

Mwanao.


6 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Wakili amepatikana huko uliko, mwanamke, atakuja na mkalimani wake. Nimeuza gari, kwa hiyo usianze kuuliza kwa pesa gani. Mwambie kila kitu, hata hayo ya ndoano.

Jirani alifika mchana kabla ya barua yako. Sikuwa nimeonywa, na nilifungua mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine. Nilipokiona kile kitambaa cha jichoni nilijua. Nilimwambia, "Mimi ndiye niliyehutubia mkutano ule." Akasema, "Najua wewe ni nani. Nipeleke."

Walizikwa shimo moja nyuma ya makaburi ya manispaa, kumi na mmoja, bila kibao. Alizunguka lile shimo lote akitafuta upande wa kichwa. Nikamwambia sijui. Akalala chini, ubavu, akaweka mkono juu ya udongo mpaka jua likaelekea kuzama. Mimi nilisimama. Sikuona kama nina haki ya kuketi.

Aliomba kumwona kaka yako mahabusu. Niliingia naye. Kaka yako alianza kulia kabla hajaambiwa huyu ni nani. Jirani akamuuliza swali moja tu: kama Mrefu alikuwa bado anaimba akifanya kazi. Kaka yako akasema ndiyo, kila siku, tena vibaya. Jirani akatoka nje akatapika.

Hakukubali kulala kwangu. Amepanga chumba karibu na mahakama. Hoja ya mkataba inaweza kurudi bungeni mwakani. Kama nitakuwemo sijui, jimboni mabango yangu yameshapakwa kinyesi.

Kesi ya kaka yako inaanza kesho. Mwendesha mashtaka ana miili na vibanda vilivyoungua, lakini kila aliyekuwepo siku ile anasema hakuona. Jirani hakuwepo. Aliyeona na kukubali kusema ni mmoja. Mama yako alikuja mlangoni jioni hii, mara ya kwanza tangu anitemee mate. Alisema kwa upole, kama zamani tulipokuwa mawifi wapya, "Ukienda kusema, usinizike nikifa. Na mimi sitakuzika."

Nimepiga pasi gauni. Naenda kusema.

Shangazi yako.